Mtihani wa Mwosha Maiti katika Jamhuri ya Takrima

Sifa njema zote ni Zake Yeye aliyeyaumba mataifa ili yajuane, na ambaye kwa hekima Yake isiyoulizwa aliliacha moja lisijijue lenyewe. Taifa hilo ni Jamhuri ya Takrima. Sitataja ilipo. Wanaoishi humo wanapajua, na wasioishi humo wamekwisha kuonyeshwa picha zake za kupendeza. Itakuwa utovu wa adabu kuwaharibia. Nitasimulia yaliyotokea tu, bila ya kutia chumvi, kwani hata chumvi siku hizi huwekwa kwanza mezani kwa wageni.

Mtukufu Mwenyeji Mkuu, ambaye katika nchi nyingine angeitwa Rais, aliamka siku moja akaona kwamba taifa lake lina mashamba yasiyolimwa, viwanda visivyotoa moshi na raia wasiotabasamu. Mtu mwingine angejiuliza mambo haya yana uhusiano gani. Yeye aliliona la mwisho peke yake, akalivalia njuga.

"Wananchi wenzangu!" alihutubia. "Mkulima hutegemea mvua, na mvua haina nidhamu. Fundi hutegemea vipuri, na vipuri viko kwa wenyewe. Lakini mgeni! Mgeni huja mwenyewe, kwa ndege yake mwenyewe, na kwa njaa yake mwenyewe! Kuanzia leo kila raia wa Takrima ni mwenyeji, kila jengo la Takrima ni hoteli, na kila kazi isiyomhudumia mgeni ni uvivu!"

Watu walipiga makofi. Wa mbele walipiga kwa mapenzi. Wa nyuma walipiga kwa sababu wa mbele walikuwa wakigeuka kutazama.

Ikaundwa Wizara ya Ugeni na Tabasamu, akakabidhiwa Mheshimiwa Sururu Talibu, mtu mwenye shahada nyingi za heshima na moja ya kweli, ya kuogelea. Hospitali kuu ikageuzwa kuwa Hoteli ya Pumziko Jema. Wagonjwa hawakufukuzwa, Mungu apishe mbali. Kila mmoja alipewa ua, akaonyeshwa lango. Mahakama ikawa mkahawa, na kadhi wetu, Sheikh Khatibu Ameir, akafundishwa kuchukua oda. Alijitahidi, maskini. Lakini mgeni akisema anataka kuku, Sheikh humtaka alete mashahidi wawili, na akiwaleta, shauri huahirishwa. Muadhini Ngwali aliambiwa kwamba sauti yake ni hazina ya taifa, hivyo haifai kupotezwa alfajiri ambapo wageni wamelala. Aitumie kukipambazuka vyema, kutangaza kuwa mayai yameiva. Alikataa. Akapelekwa kuosha masufuria, mahali ambapo hapana anayehitaji sauti. Sisi tuliosoma nahau na arudhi tulipangiwa kukunja vitambaa vya meza kwa umbo la njiwa, nasi tukatambua kwa nini tulihangaika na mizani ujanani: yalikuwa maandalizi ya njiwa.

Na Wizara ikatoa amri moja nyepesi: atakayefuzu mafunzo mapya atapewa cheti na atabaki katika nyumba yake. Atakayefeli, nyumba yake itakuwa chumba cha mgeni.

*

Katika mji wetu alikuwapo Mzee Mcha Pandu, mwosha maiti. Wenzake wa kazi ile walikuwa wamekwisha kuoshwa na yeye, mmoja baada ya mwingine, naye ndiye aliyesalia. Aliitwa kwenye chuo cha mafunzo hayo, kilichokuwa nyuma ya Pumziko Jema, akaketishwa mbele ya ofisa wa uandikishaji.

"Shikamoo Mzee. Jina?"

"Marahaba. Mcha Pandu."

"Kazi ya zamani?"

"Si ya zamani. Naosha maiti."

Ofisa akaweka kalamu chini. "Yaani hao wanalala, nawe unawaosha?"

"Ndiyo."

"Mwili mzima?"

"Mwili mzima."

"Hebu nikuulize, Mzee wangu, na unijibu kwa dhati. Katika umri wako wote, umewahi kumpata mteja aliyelalamika?"

Mzee Mcha, ambaye hakuzoea kusema uongo, akafikiri. "La. Hata mmoja."

Ofisa akaruka kutoka kitini. "Jamani, njooni mumwone huyu! Njooni! Hajapata lalamiko tangu aanze kazi!" Wakaja maofisa, wakamzunguka, wakampa mkono, na papo hapo akaandikwa katika Idara ya Ukandaji na Starehe za Mwili.

"Sawa," akasema Mzee Mcha. "Na wanaokufa wataoshwa na nani?"

Ofisa akamtazama kwa huruma, kama mtu mzima amtazamavyo mtoto aliyeuliza jua linalala wapi. "Kufa, Mzee, hakumo katika mpango wa maendeleo wa kipindi hiki."

*

Mkufunzi wake alikuwa Bwana Fumu Kheri, ambaye pia ndiye meneja wa hoteli. Bwana huyu alikuwa na tabasamu lililotangulia uso wake kuingia chumbani na kuchelewa kutoka. Alifundisha kwa bidii. Mwanafunzi akandwe, akande, na huku azungumze, kwa kuwa mgeni hakuvuka dunia nzima kuja kunyamaziwa.

"Mzee Mcha, mbona kimya? Mwulize mgeni maswali!"

"Nimwulize nini?"

"Mwulize anatoka wapi. Mwulize anaamini nini, anapenda nini, amefanya nini maishani."

"Bwana Fumu, hawa niliowazoea huulizwa hayo na wengine, nikishaondoka mimi."

"Basi tabasamu angalau!"

"Namtabasamia nani? Amefumba macho."

"Na hicho kitambaa ulichomfunika nacho kiunoni ni cha nini? Mgeni anataka apate hewa!"

"Hewa ataipata kwingine. Hapa mkononi mwangu atasitiriwa."

Darasa zima likaangua kicheko, na Sheikh Khatibu, aliyekuwa akipita na sinia, akasema "hukumu imekubaliwa" kabla ya kukumbuka alipo. Bwana Fumu akamwandikia Mzee Mcha alama za chini kabisa na kumwonya: "Mtihani unakuja. Waziri mwenyewe atahudhuria. Usipobadilika, Mzee wangu, kitandani mwako atalala Mholanzi."

Mzee Mcha alirudi nyumbani akajaribu kutabasamu mbele ya kioo. Wajukuu zake wakaingia uvunguni.

*

Sasa niwajulishe Maalim Vuai Faki. Aliyefundishwa kusoma Kurani katika mji wetu alifundishwa na yeye, au na mtu aliyefundishwa na yeye. Yeye na Mzee Mcha walikuwa marafiki tangu meno ya utotoni, na walikuwa wameusiana jambo: atakayebaki amwoshe mwenzake. Si jambo kubwa, watasema watu wa Wizara. Lakini walilisema wakiwa na udhu, na kwa watu wa aina yao hilo halifutiki.

Maalim alipangiwa kuwa mfungua mlango. Wakamvika kanzu nyekundu yenye vifungo vya dhahabu na kilemba chenye unyoya, wakamsimamisha langoni mwa Pumziko Jema, awainamie wageni na kusema "Karibuni peponi." Alikubali kuinama, kwa sababu ya mke wake na nyumba. Ile kauli ya pili hakuisema hata siku moja. Alikuwa akigeuza uso na kukohoa.

Asubuhi ya siku ya mtihani, Maalim Vuai alifariki dunia. Alifia palepale langoni, mgongo wake ukiegemea nguzo, mkono wake ukiwa umeshika komeo. Na naona haya kuyasimulia yaliyofuata, lakini yalikuwa. Wageni waliingia na kutoka wakimpita. Wengine walimtilia maua mfukoni. Bibi mmoja mwenye kofia pana alimkumbatia akapigwa picha naye, akasifu utulivu wake. Bwana Fumu alipopita aliuona weledi ule, hali ile ya kutojikuna wala kutopepesa macho, akamtunuku papo hapo nishani ya Mwenyeji Bora wa Msimu na kumbandika kifuani. Hadi adhuhuri, ndipo nzi walipotangaza lililofichika kwa binadamu.

Bwana Fumu hakufadhaika. Aliagiza mwili uondolewe machoni pa wageni, ukawekwa katika chumba cha barafu, baina ya kamba wakubwa na jibini.

*

Bi Mize, mjane wake, alikuja amebeba kisanduku cha mbao. Humo mlikuwa na sanda ya mumewe, kafuri na udi, alivyojinunulia mwenyewe miaka mingi nyuma na kuviweka chini ya kitanda, kama wafanyavyo watu wanaojua waendako.

"Nimemfuata mume wangu," akasema.

"Pole sana mama, karibu sana mama," akasema Bwana Fumu, akimpa juisi ya pasheni. "Lakini mkataba wa marehemu unamalizikia mwisho wa msimu. Mfanyakazi hatoki kabla."

"Amekufa, baba!"

"Kufa si miongoni mwa sababu za kuvunja mkataba. Nimeusoma mara mbili nikitafuta, nikikuonea huruma."

"Basi angalau nimwoshe. Ni haki yangu, mimi mkewe. Nitamwosha humo humo kwenye hayo majibini yenu."

"Hapo ndipo ugumu, mama. Kwa mujibu wa kanuni za usafi, mkono usio na cheti haugusi mwili uliolala ndani ya hoteli. Una cheti?"

Bi Mize akaiweka juisi sakafuni bila ya kuinywa. Akazunguka nyuma, akampata Mzee Mcha kwenye foleni ya watahiniwa, amevishwa suruali nyeupe na fulana yenye picha ya nanasi.

"Shemeji," akamwambia, "Maalim wako yuko baina ya kamba na jibini, na jua limekwisha kupinda. Mliusiana au hamkuusiana?"

"Tuliusiana."

"Basi!"

Mzee Mcha akatoka kwenye foleni. Alimwendea Bwana Fumu, na huo ndio wakati pekee niliomwona akiomba. Aliomba mtihani wake ufanywe juu ya Maalim Vuai.

Bwana Fumu akafungua kanuni. Ilikuwa imeandikwa kwamba wa kufanyiwa mtihani awe mtu mzima, aliyelala chali, aliyetulia, asiye na haraka, na aliyetia saini ya kukubali kuguswa au aliyeshindwa kukataa. Akaisoma tena. Tabasamu lake likapanuka kwa namna ya mtu aliyegundua kwamba sheria na tumbo lake vinakubaliana, kwani waliotazamiwa kulala kitandani mbele ya Waziri, maofisa wa Wizara, walikuwa wameingiwa na haya, wote wana vitambi.

"Anatimiza masharti," akasema. "Kuliko sote."

*

Ukumbi ulikuwa ule uliokuwa zamani chumba cha upasuaji. Mheshimiwa Sururu Talibu aliketi mbele, koti lake limejaa medali hata likawa linanong'ona akivuta pumzi. Nyuma yake walikaa mabalozi na wawekezaji. Maalim aliletwa kwenye kitoroli cha vyakula na kulazwa juu ya ubao, akiwa na kanzu yake nyekundu na nishani yake.

"Huyu ndiye mgeni wa mfano," Bwana Fumu akatangaza. Hakusema zaidi.

Mzee Mcha aliivua ile fulana ya nanasi, akabaki na fulana yake ya ndani, akafunga shuka kiunoni. Akasimama. Hakuanza.

"Anza basi," akasema Waziri.

"Nangoja mgeuke."

"Tugeuke?"

"Mtazame ukutani. Huyu ana heshima zake."

Ukumbi ukavuta pumzi. Bwana Fumu akaona kazi yake ikiyeyuka kama siagi juani. Lakini Mheshimiwa, ambaye alikuwa amezunguka dunia akikaguliwa na kukagua hoteli, hakuwahi kuamriwa na mhudumu, na akadhani kwamba hii lazima iwe huduma ya daraja la juu sana. Akageuka. Mabalozi wakageuka. Ndipo Sheikh Khatibu akatokea mkahawani na vitambaa vya meza, na Muadhini Ngwali jikoni na mikono yenye masizi, na sisi wa njiwa nasi tukaja. Tukavishika vile vitambaa kwa ncha, tukafanya pazia pande zote.

Ndani ya pazia lile Mzee Mcha alimvua rafiki yake kanzu ya vifungo vya dhahabu na kuitupa chini. Alimsitiri kuanzia kitovuni hadi magotini, akamwinua kidogo, akampitishia mkono tumboni taratibu kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala bila ya kutaka kumwamsha. Akamwosha kwa maji ya majani ya mkunazi, kulia kwanza, kisha kushoto, na maji ya mwisho akayatia kafuri. Alimnong'oneza maneno ambayo sikuyasikia, na niliyoyasikia si yangu kuyaandika. Unyoya wa kile kilemba ulikuwa umegandia shavuni kwa jasho; aliuloweka, akaungoja uachie wenyewe, hakuuvuta. Bi Mize akapitisha sanda chini ya pazia. Katika ukumbi ule, ambapo kwa msimu mzima kila mtu alikuwa akizungumza na kila mtu, hapakusikika ila maji.

Tuliposhusha vitambaa, Maalim alikuwa mweupe, amefungwa, ananukia.

Mheshimiwa Waziri aligeuka akiwa na machozi. Nilidhani amefahamu. Mola anisamehe dhana njema.

"Ajabu!" akasema. "Ajabu kubwa! Nimekandwa na Waswidi, nimekandwa na Wathai, sijapata kuona mtu aliyelegea namna hii! Mtazameni! Hana wasiwasi hata chembe! Na hii harufu! Fumu, mpe huyu mzee alama zote."

"Zote, Mheshimiwa!"

"Hapana, subiri. Kwanza na mimi." Na Mheshimiwa akaanza kuvua koti. Medali zikalia. "Mwondoeni huyo bwana, amekwisha kupumzika. Nataka kila kitu. Maji, majani, mpaka hizo nguo nyeupe."

"Zamu yako bado, Mheshimiwa," akasema Mzee Mcha, akikunja shuka lake lililolowa.

"Nani anapanga zamu hapa? Wewe?"

"Si mimi. Anayepanga atakujia mwenyewe."

"Ni nani huyo? Ana cheti?"

"Hakuwahi kukihitaji."

"Fumu! Mwandikie huyo mtu afike chuoni Jumatatu!" akaagiza Mheshimiwa, akiwa amekwisha kulala juu ya ubao uliolowa, macho kayafumba. "Na wewe Mzee, anza. Hii ni sehemu ya pili ya mtihani wako."

Bwana Fumu akamsogelea Mzee Mcha, akamwambia chini kwa chini, na kwa mara ya kwanza bila ya tabasamu: "Mzee wangu, nakusihi. Cheti kiko mezani, kina jina lako. Mwoshe tu. Ukitoka sasa, wajukuu zako watalala wapi?"

Mzee Mcha aliitazama meza. Aliitazama muda mrefu, sitaki kuwadanganya. Alikuwa mtu mwenye wajukuu. Jua lilikuwa limeteremka hadi kwenye vioo vya madirisha ya chini. Kisha akauingiza mkono chini ya mabega ya Maalim.

"Shikeni miguu," akatuambia.

Tulimtoa kwa lango la mbele, kwa sababu la nyuma lilikuwa jembamba na yeye alikuwa mrefu. Wageni walisimama bustanini na vikombe vyao. Tulimsalia msikitini, na Ngwali, aliyenyimwa sauti msimu mzima, alipopiga takbira ya kwanza ilikatika, ikabidi arudie. Mzee Mcha aliingia kaburini mwenyewe, akampokea rafiki yake, akamlaza katika mwanandani na kumwelekeza kibla. Alipotoka alikuwa na udongo hadi kwenye ndevu, na hakujifuta.

*

Nyumba ya Mzee Mcha ikachukuliwa siku iliyofuata. Ilipigwa rangi ya waridi, na sasa ina bafu la kutazama nyota. Yeye na wajukuu zake wanakaa katika kile chumba cha ubavuni mwa msikiti ambamo huwekwa jeneza. Wizara ilikuja kukikagua, ikaliona jeneza, ikaondoka. Watu wa mji humletea maiti zao kwa njia za uani, wameziinamia kama wanaobeba vitu vya wizi, kwa sababu msiba umepigwa marufuku kupita mbele ya wageni. Huwaosha wote. Hana cheti, na hajapata lalamiko.

Na Mheshimiwa Waziri? Ubaoni pale aliendelea kulala. Bwana Fumu, aliyekuwa amegeukia ukutani na hakuona lolote, alimwosha kwa kubahatisha: alianza kushoto, akamimina kafuri yote iliyosalia, akamfunga kwa vitambaa vya meza vilivyokuwa sakafuni. Mheshimiwa alilala hadi magharibi. Aliamka akasema hajawahi kujisikia hivyo, hana njaa, hana haya, hana swali lolote la kumsumbua. Na kabla ya wiki kwisha ikazinduliwa kwa tarumbeta Huduma ya Taifa ya Mapumziko Makuu. Mtukufu Mwenyeji Mkuu alikuwa wa pili kuipokea. Baraza zima likamfuata, na wabunge baada yao, na mabalozi wakaiomba kwa barua.

Hivi sasa kila alasiri ya Ijumaa, wakati sisi tunapotoka msikitini, wao huwa wamelazwa katika ukumbi wa Pumziko Jema safu kwa safu, wameoshwa, wamefungwa nyeupe hadi videvuni, wametiwa pamba masikioni wasisumbuliwe na kelele za mji, na huku zumari ikipigwa. Mlango huachwa wazi ili wananchi waone namna viongozi wao wanavyopumzika kwa ajili yao. Njia yangu ya kurudi nyumbani hupita hapo. Mtu hawezi kuwapita Waislamu kimya, hiyo si tabia tuliyofunzwa. Nami husimama kizingitini na kuwapa ile salamu tunayowapa watu wa makaburini. Wao nao, kama wale wengine, hawaitikii.